Maswali na Majibu ya Kompyuta: Dirisha Lisilokaa Katikati na Dirisha Lisiloitika

Barua tulizozichagua mara hii zimetoka Arusha na Moshi, na zote zinazungukia jambo moja: namna ya kuyaamuru madirisha ya programu kwa skripti, yaani maagizo mafupi yaliyoandikwa ili kompyuta iyafuate, ama yakae katikati ya skrini, ama yaje mbele pale yanapoitwa. Nyingi zinahusu AutoHotkey, lugha ya skripti ya Windows iliyoanzishwa na Chris Mallett mwaka 2003, ambayo hutolewa bure na ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka rasmi Desemba 2022. Mifano ya AutoHotkey iliyo hapa chini imeandikwa kwa toleo hilo la 2.0, isipokuwa pale nilipotaja toleo la zamani. Majina ya kuhifadhia thamani nimeyaandika kwa Kiswahili, kwa kuwa mashine haijali umeyatoa lugha gani ilimradi uyarudie vilevile.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Niko katika ofisi ya kampuni ya utalii hapa Arusha, upande wa kuandaa bei na ratiba za safari. Kompyuta yangu mpakato hufungua Excel pembeni, sehemu ya dirisha ikiwa nje ya skrini, na kila asubuhi naanza kwa kuliburuta kwa kipanya. Mwenzangu alinipa skripti ya kuliweka katikati kwa kubonyeza Ctrl, Alt na C kwa pamoja, lakini AutoHotkey inakataa kuianzisha na kuulalamikia mstari wa WinMove. Nikaandika ya kwangu. Hiyo inafanya kazi, ila dirisha linakaa chini kidogo ya katikati, na nikiunganisha skrini kubwa ya ofisini, dirisha lililo kwenye skrini hiyo hurukia kwenye kompyuta mpakato. Nimekosea wapi?
Dada wa Njiro, Arusha

JIBU: Dada yangu, skripti ya mwenzako haina kosa, ila imeandikwa kwa toleo la zamani. Katika toleo la 1.1 amri hiyo iliandikwa hivi:

WinMove, A,, 183, 64

Jina la amri lilifuatwa na mkato, kisha likatajwa dirisha, na mwisho vipimo. Toleo la 2.0 limeugeuza mpangilio huo: mkato wa kwanza umeondolewa, vipimo vya mahali vimetangulia, kisha upana na kimo, na dirisha lenyewe hutajwa baada ya hayo. Ndiyo maana mstari huo hukataliwa hata kabla skripti haijaanza kufanya kazi. Usijaribu kuirekebisha skripti ya zamani kwa kubahatisha mikato, kwa sababu tofauti ya matoleo hayo mawili haiishii kwenye mikato. Andika upya, na mstari wa kwanza uwe ule wa #Requires unaotaja toleo, ili mtu mwingine akiifungua kwenye mashine yenye toleo tofauti aelezwe tatizo mapema.

Sasa tuje kwenye dirisha linaloshuka. Nadhani umeigawa skrini nzima kwa mbili, na hapo ndipo penye kasoro, kwa kuwa sehemu ya chini ya skrini imekaliwa na upau wa kazi, ule mstari wenye alama za programu na saa. Tuchukue kompyuta mpakato ya kawaida yenye pikseli (nukta za skrini) 1366 kwa 768, ambayo upau wake wa kazi katika Windows 10 una kimo cha pikseli 40 ukubwa wa maandishi ukiwa asilimia 100. Eneo la kufanyia kazi linabaki 1366 kwa 728. Dirisha la Excel lenye pikseli 1000 kwa 600, ukilipimia skrini nzima, litaanzia pikseli ya 84 kutoka juu na kuishia ya 684, na hivyo juu yake patakuwa na nafasi ya pikseli 84 na chini yake, hadi kwenye upau, pikseli 44 tu. Jicho huiona tofauti hiyo mara moja. Ukilipimia eneo la kazi, litaanzia pikseli ya 64 na kubakiza 64 nyingine chini. Kwa hiyo usiulize ukubwa wa skrini kwa A_ScreenHeight, bali uliza eneo la kazi kwa MonitorGetWorkArea. Katika Windows 11 upau huo una pikseli 48 kwa ukubwa uleule wa asilimia 100, na anayeandika namba 40 kwa mkono ndani ya skripti yake atalazimika kuibadilisha siku atakapopewa mashine mpya.

Kuruka kwa dirisha kunatokana na jambo linalofanana na hilo. Windows huzipanga skrini zote kwenye uwanja mmoja wa vipimo, na sifuri ya uwanja huo iko kwenye kona ya juu kushoto ya skrini kuu. Skrini ya pili ikiwekwa kulia huendeleza hesabu kuanzia pale ya kwanza ilipoishia, na ikiwekwa kushoto vipimo vyake huwa hasi, kwa mfano kuanzia -1920 kwa skrini yenye upana wa pikseli 1920. Skripti inayojua upana wa skrini kuu peke yake italipeleka kila dirisha kwenye skrini kuu. Dawa yake ni kutafuta kwanza katikati ya dirisha iko kwenye skrini ipi, kisha kupima eneo la kazi la skrini hiyo. Skripti nzima ni hii:

#Requires AutoHotkey v2.0
DllCall("SetThreadDpiAwarenessContext", "ptr", -3, "ptr")

^!c:: {
    dirisha := WinExist("A")
    if !dirisha
        return
    if WinGetMinMax(dirisha) != 0
        WinRestore dirisha
    WinGetPos &x, &y, &upana, &kimo, dirisha
    katiX := x + upana // 2
    katiY := y + kimo // 2
    Loop MonitorGetCount() {
        MonitorGetWorkArea A_Index, &kushoto, &juu, &kulia, &chini
        if (katiX >= kushoto && katiX < kulia && katiY >= juu && katiY < chini)
            break
    }
    WinMove kushoto + (kulia - kushoto - upana) // 2, Max(juu, juu + (chini - juu - kimo) // 2),,, dirisha
}

Alama ^!c ni Ctrl, Alt na C kwa pamoja. Herufi A iliyo ndani ya WinExist maana yake ni dirisha linalotumika wakati huo, na thamani inayorudishwa ni namba ambayo Windows imelipa dirisha hilo. Kuanzia hapo skripti yote inasema na namba hiyo moja, hata kama dirisha lingine litajitokeza mbele katikati ya kazi. Skripti nyingi ninazoziona huandika "A" kwenye kila mstari, na huo ni uzembe, kwa sababu ujumbe wa ghafla ukitokea kati ya kupima na kusogeza, utakuwa umepima dirisha moja na kusogeza lingine.

Mstari wa WinGetMinMax upo kwa sababu dirisha lililotanuliwa likajaza skrini halina katikati ya kuliweka, hivyo lazima lirudishwe kwanza kwenye ukubwa wake wa kawaida. Nayo Max iliyo kwenye mstari wa mwisho ni kinga kwa wenye skrini fupi: dirisha lenye kimo cha 760 kwenye eneo la 728 lingeanzia pikseli ya -16, na mstari wake wa juu, ambao ndio tunaushika kwa kipanya, ungejificha. Max hulizuia lisipande kupita mwanzo wa eneo la kazi.

Mstari wa DllCall unawahusu hasa watu kama wewe, wenye kompyuta mpakato iliyowekewa maandishi makubwa ya asilimia 125 au 150 pamoja na skrini ya nje iliyoachwa kwenye 100. Bila mstari huo, Windows huipa skripti vipimo vilivyogeuzwa ili vilingane na skrini kuu, na dirisha lililo kwenye skrini ya pili hukaa upande upande bila sababu inayoonekana. Mstari huo unaiambia Windows itoe vipimo halisi vya kila skrini. Unahitaji Windows 10 iliyosasishwa angalau hadi toleo la 1607.

Ukipima kwa rula utakuta dirisha bado liko juu ya katikati kwa pikseli tatu au nne. Madirisha mengi ya Windows 10 na 11 yana ukingo usioonekana wa takriban pikseli 7 kushoto, kulia na chini, na WinGetPos huuhesabu kama sehemu ya dirisha. Kushoto na kulia hufutana, chini hapana. Mimi sioni haja ya kuhangaika nao katika kazi ya kuweka dirisha katikati, ila anayetaka kupanga madirisha mawili bega kwa bega kwa skripti atauona kama ufa wa pikseli 14 kati yake, na huyo namshauri abonyeze kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto au wa kulia, jambo ambalo Windows imeliweza tangu Windows 7.

SWALI: Mwalimu, pole na majukumu. Mimi ni karani wa ghala la kahawa hapa Moshi. Kutwa nzima nahama kati ya daftari la uzani lililo kwenye Excel, barua pepe iliyo kwenye Chrome, na barua ninazoziandika kwa Word. Skripti yangu inatumia WinActivate, amri ya kulileta dirisha mbele, na jina lililoandikwa juu ya dirisha. Siku nyingine inaleta dirisha lisilohusika kabisa, siku nyingine inasema dirisha halipo ilhali naliona pale chini kwa macho yangu. Jambo lililonitia hofu ni kwamba iliwahi kubandika uzani wa mkulima mmoja ndani ya barua pepe niliyokuwa nikimwandikia mtu mwingine.
Karani wa Majengo, Moshi

JIBU: Ndugu karani, kulitafuta dirisha kwa jina lake la juu ni sawa na kumtafuta mtu sokoni kwa rangi ya shati alilovaa jana. Jina hilo hubadilika kila mara. Excel huandika pale jina la faili iliyo wazi, na Chrome huandika jina la ukurasa unaoonekana kwa wakati huo, hivyo ukihama ukurasa mmoja tu, jina ulilolitaja kwenye skripti halipo tena.

Halafu kuna kanuni ya kulinganisha majina, ambayo nayo iligeuzwa kati ya matoleo. Toleo la 1.1 lilitaka jina la dirisha lianze na maneno uliyoyataja, lakini toleo la 2.0 linaridhika maneno hayo yakionekana popote ndani ya jina. Ukiandika WinActivate "Uzani", utapata faili yako ya Excel, lakini pia utapata barua pepe yenye kichwa cha habari "Uzani wa Oktoba" ikiwa ndiyo iliyofunguliwa kwenye Chrome, na litakalokuja ni lile lililotumika karibuni zaidi. Herufi kubwa na ndogo nazo zinahesabiwa: "uzani" na "Uzani" ni vitu viwili. Unaweza kuirudisha kanuni ya zamani kwa SetTitleMatchMode 1, au kudai jina lilingane lote kwa SetTitleMatchMode 3, ila hayo yote bado ni kuhangaika na kitu kinachobadilika.

Litaje dirisha kwa programu inayolimiliki. Excel ni ahk_exe EXCEL.EXE, Word ni ahk_exe WINWORD.EXE, na Chrome ni ahk_exe chrome.exe. Usipojua jina la programu, AutoHotkey inakuja na chombo kiitwacho Window Spy. Kifungue, bofya dirisha unalolitaka, nacho kitakuonyesha jina la juu, aina ya dirisha na programu yake. Baada ya hapo kitufe kimoja kinakutosha kwa programu moja:

F7:: {
    if WinActive("ahk_exe EXCEL.EXE")
        WinActivateBottom "ahk_exe EXCEL.EXE"
    else if WinExist("ahk_exe EXCEL.EXE")
        WinActivate
    else
        Run "excel.exe"
}

Ukiwa nje ya Excel, F7 inakurudisha ndani yake. Ukiwa tayari ndani ya Excel na una faili tatu zilizo wazi, F7 inalileta mbele lile dirisha la Excel lililo chini kabisa ya mengine, na ukiendelea kubonyeza utazizungukia zote. Kama Excel haijafunguliwa, inafunguliwa. Sharti hilo la tatu lina maana, kwa sababu katika toleo la 2.0 WinActivate isipolikuta dirisha haikai kimya kama ilivyokuwa zamani, bali hutoa hitilafu na kuikatisha kazi. Huo ndio ujumbe uliokuwa ukiuona.

Ukitaka faili maalumu ndani ya Excel, unganisha vyote viwili, yaani "Uzani ahk_exe EXCEL.EXE", ili jina litafutwe ndani ya madirisha ya Excel peke yake. Jihadhari na folda za Windows: ukiziita kwa ahk_exe explorer.exe utaunasa pia upau wa kazi na ule uso wa mezani wenye picha, kwa kuwa vyote vinamilikiwa na programu hiyohiyo. Folda huitwa kwa aina yake, yaani ahk_class CabinetWClass.

Kuhusu dirisha unaloliona kwa macho lakini skripti hailioni, naamini ulikuwa ukiutafuta ukurasa wa barua pepe uliojificha nyuma ya ukurasa mwingine wa Chrome. Kurasa zote zilizopangwa kwenye mstari mmoja wa Chrome ni dirisha moja mbele ya Windows, na jina linaloonekana ni la ule ulio wazi tu. Zilizobaki hazina dirisha, kwa hiyo hakuna cha kuita. Ukamate ukurasa wa barua pepe, uuburute nje ya mstari uwe dirisha lake lenyewe, au uifungue Chrome kwa kuongeza --app= na anwani ya ukurasa huo, nao utafunguka peke yake kama programu inayojitegemea.

Nimebakiza lile la kubandika mahali pasipostahili, na hili ndilo ningekuomba ulirekebishe leo kabla ya mengine. WinActivate inatoa ombi kwa Windows. Windows inaweza kulichelewesha au kulikataa. Mfumo huo una kawaida ya kuzuia programu zilizo nyuma zisijitupe mbele ya mtu anayeandika, na badala yake alama ya programu kwenye upau wa kazi humetameta tu. AutoHotkey hujaribu zaidi ya mara moja, na mara nyingi hufanikiwa, ila si kila mara. Skripti ikituma Ctrl na V papo hapo baada ya WinActivate, kilichonakiliwa kitabandikwa kwenye dirisha lolote lililoko mbele kwa sekunde hiyo. Lazima ithibitishe kwanza:

WinActivate "ahk_exe WINWORD.EXE"
if !WinWaitActive("ahk_exe WINWORD.EXE",, 2)
    return
Send "^v"

Namba 2 ni sekunde za kusubiri. Word isipokuwa mbele ndani ya muda huo, skripti inaacha bila kubandika chochote. Katika ofisi inayohesabu kilo za watu, skripti iliyoshindwa na kunyamaza ni afadhali mara kumi kuliko iliyofaulu kwenye barua ya mtu mwingine.

Ninayoipenda zaidi kuliko zote, hasa kwa mtu anayehama kati ya faili mbili za Excel zenye majina yanayofanana, ni skripti ya kulitia dirisha alama. Ctrl na F8 inaihifadhi namba ya dirisha ulilomo. F8 peke yake inakurudisha kwenye dirisha hilo, hata kama jina lake limebadilika mara ngapi:

kumbukumbu := 0
^F8:: {
    global kumbukumbu := WinExist("A")
}
F8:: {
    if kumbukumbu && WinExist(kumbukumbu)
        WinActivate kumbukumbu
}

Namba hiyo huishi kadiri dirisha linavyoishi. Ukilifunga na kulifungua tena utakuwa umepewa namba nyingine, na itabidi uliwekee alama upya.

SWALI: Skripti yangu ya kuweka madirisha katikati inafanya kazi kwa kila programu isipokuwa ile ya uhasibu tunayoitumia kazini. Nikiwa ndani yake, hata vitufe vyenyewe havisikiki. Je, programu hiyo imefungwa kwa makusudi?
Mhasibu wa Sakina, Arusha

JIBU: Ndugu mhasibu, huenda programu hiyo inaanzishwa kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, jambo ambalo unaweza kulitambua kwa lile swali la ruhusa ambalo Windows huuliza kila unapoifungua. Tangu Windows Vista, programu yenye mamlaka ya kawaida hairuhusiwi kulisukuma dirisha la programu yenye mamlaka ya juu wala kulitumia vitufe. Skripti yako iko upande wa chini. Ama uianzishe skripti nayo kama msimamizi, ama umwombe aliyewawekea programu ya uhasibu aeleze kama kweli inahitaji mamlaka hayo; zipo programu za zamani ambazo ziliwekwa hivyo kwa mazoea tu. Mimi ningeanza na hilo la pili, kwa sababu skripti iliyoanzishwa kama msimamizi huyarithisha mamlaka yake kwa kila programu inayoifungua kwa amri ya Run, na si jambo jema kuwa na Word au kivinjari chenye mamlaka hayo kutwa nzima.

SWALI: Nimesoma majibu yako ya nyuma kuhusu skripti na najiuliza, ya nini yote hayo? Mimi nimestaafu ualimu, natumia Alt na Tab, na sijapungukiwa na kitu.
Mzee wa Rau, Moshi

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kwa mwenye madirisha mawili sina hoja ya kukupinga: Alt na Tab mara moja inakurudisha kwenye dirisha la mwisho ulilotoka, na hakuna skripti itakayoishinda kwa wepesi. Shida huanza madirisha yakiwa manane, kwa kuwa mpangilio wa Alt na Tab hufuata lipi lilitumika karibuni, na kwa hiyo idadi ya kubonyeza ili kuifikia Excel hubadilika kila saa. Hata hapo kuna njia ya kati isiyohitaji skripti: kitufe cha Windows pamoja na namba kuanzia 1 hadi 9 huita programu kwa nafasi yake kwenye upau wa kazi. Ukiibandika Word iwe ya kwanza na kivinjari kiwe cha pili, Windows na 1 itakuletea Word siku zote, na kama haijafunguliwa itaifungua. Windows, Shift na mshale wa pembeni hulihamishia dirisha kwenye skrini nyingine. Alichokosa mtumiaji wa Windows ni kitufe cha kuliweka dirisha katikati bila kubadilisha ukubwa wake, na ndiyo sababu dada yetu wa Njiro aliandika.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Arusha na kompyuta yangu ina Ubuntu badala ya Windows. Nimejaribu wmctrl na xdotool, vyombo vya kuyaamuru madirisha, kama nilivyoelekezwa na kaka yangu, lakini orodha ya madirisha inatoka pungufu na amri ya kusogeza haifanyi kitu. Yeye kwake zinafanya kazi.
Mwanafunzi wa Ngaramtoni, Arusha

JIBU: Marahaba. Ubuntu ina mifumo miwili ya kuonyesha madirisha: kaka yako bila shaka anaingia kwa Xorg, ule wa zamani, na wewe unaingia kwa Wayland, ambayo Ubuntu imeifanya chaguo la kawaida tangu toleo la 21.04. Vyombo vya wmctrl na xdotool viliundwa kwa mfumo huo wa zamani, uitwao pia X, ambao uliiruhusu programu yoyote kuyaona na kuyasogeza madirisha ya nyingine. Wayland imeufunga mlango huo kwa sababu za usalama, hata programu yenyewe hairuhusiwi kuamua dirisha lake likae wapi, na madirisha machache unayoyaona kwenye orodha ni ya programu ambazo bado zinapitia daraja la X lililoachwa kwa ajili yake.

Ikiwa toleo lako bado linatoa nafasi hiyo, toka kwenye akaunti, bofya jina lako kwenye ukurasa wa kuingilia, kisha bofya alama ya gia iliyo kwenye kona ya chini na uchague Ubuntu ya Xorg kabla ya kuandika neno la siri. Baada ya hapo wmctrl -l itaorodhesha madirisha yote, na wmctrl -a ikifuatwa na sehemu ya jina italileta mbele dirisha linalofanana nalo. Tahadhari niliyompa karani wa Majengo kuhusu majina inakuhusu na wewe. Kama unataka tu madirisha mapya yafunguke katikati, huna haja ya skripti wala ya kuhama Wayland. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

gsettings set org.gnome.mutter center-new-windows true

Hiyo haitayagusa madirisha yaliyokwisha kufunguliwa, ila utakayoyafungua baada yake yatakaa katikati, isipokuwa pale programu inapofunguka ikiwa imejaza skrini nzima. Ukitaka kurudisha hali ya awali, andika false badala ya true.